Kichwa Kilichoachwa Njiani

"Mbona umezima mashine?"

Kinyozi alisimama nyuma ya kiti kama mtu aliyesahau alichofuata. Kwenye kioo, Msusi alijiona: njia moja nyeupe imetoka kwenye paji la uso ikapanda hadi utosini, na huku na huku nywele zimesimama zinashangaa.

"We baba, nakuuliza. Umeme umekatika?"

"Umeme upo."

"Sasa?"

"Siwezi."

"Huwezi nini? Umenyoa watu maisha yako yote, leo ndiyo umesahau kunyoa?"

"Siwezi kukunyoa wewe ukakae na wanaume wenye vifua kama milango ya ghala. Nikikunyoa kwa mkono wangu, ni kama nimekusindikiza mwenyewe."

Msusi alicheka, akidhani ni utani wao wa kila siku. Alipomwona Kinyozi anachomoa waya ukutani, kicheko kikamkatikia mdomoni.

Wawili hawa walikuwa wapenzi, na mtaa mzima ulijua. Msusi alisuka kwenye saluni ya mama yake. Kinyozi alinyoa ng'ambo ya barabara, mlango ukitazamana na mlango, kiasi kwamba wateja walizoea kusukwa na kunyolewa huku mafundi wao wanarushiana maneno juu ya magari. Sasa Msusi alikuwa amepita usaili wa kadeti ya vijana jeshini. Alikimbia akawaacha wengi nyuma, daktari akampima akamkuta mzima. Kesho asubuhi walitakiwa kuripoti uwanjani, na masharti yalikuwa wazi. Kichwa kinyolewe chote, mwanamke kama mwanamume. Tena mtu asiwe na ndoa, wala asifunge ndoa mpaka amalize mafunzo. Atakayeshindwa, nafasi yake anapewa wa akiba.

Hilo la ndoa ndilo lililomkaa Kinyozi kooni kama mfupa.

"Na posa yangu je? Nilishamwambia mjomba ajiandae."

"Itasubiri."

"Posa inasubiri kama ndoo kwenye foleni ya maji?"

"Mpenzi, nisikilize. Tangu nina meno ya utoto nimesimama nyuma ya vichwa vya watu. Nasuka, mtu anainuka, anakwenda zake. Huyu safari, huyu kazini, yule kwenye harusi yake. Mimi nabaki na chanuo. Miguu inaniwasha! Nikilala inakimbia peke yake. Nisipokwenda sasa nitakuwa mtu wa kugombana na kila anayeingia mlangoni, na wewe utakuwa wa kwanza."

"Heri tugombane, mradi upo."

"Malizia kichwa."

"Sinyoi."

"Malizia, nasema!"

"Sinyoi, mama. Nichape ukitaka."

Msusi akavuta kitambaa kwenye begi, akakifunga kichwani kwa hasira mpaka masikio yakamuuma.

"Kwani kinyozi mtaa huu ni wewe peke yako?"

Akatoka. Hakutembea, alikuwa kama anafukuzwa. Kwenye kona kulikuwa na kinyozi waliyemwita Chogo, mtu wa maneno mengi na mikono mizuri.

"Karibu shemeji! Leo jua limetokea wapi?"

"Ninyoe kipara. Haraka."

Chogo alifungua kitambaa, akakifunga tena taratibu, kama mtu aliyefunua sufuria ya wenyewe.

"Shemeji, hiki kimeanzwa."

"Ndiyo kimeanzwa. Kimalizie."

"Haiwezekani. Unatujua sisi."

Msusi aliwajua. Vinyozi wa mtaa ule walikuwa na sheria yao. Zamani walinyang'anyana wateja mpaka wakapigana kwa viti, ndipo wakakubaliana: kichwa alichokianza fundi mmoja, mwingine hakigusi. Mteja akikorofishana na fundi wake, arudi wapatane kwanza. Ilikuwa sheria nzuri kwa wanaume wenye ubishi wa ndevu. Haikumfikiria mtu mwenye safari ya kesho.

"Chogo, nakuomba."

"Rudi kwake, shemeji. Mbembeleze. Mwanamume analainika."

"Mimi sijaja kulainisha mtu!"

Sokoni alikokimbilia, kinyozi wa huko alikuwa amekaa kibarazani, anafuta mashine yake kwa brashi. Alipomwona Msusi kwa mbali akaanza kutikisa kichwa.

"Hapana, dada yangu. Hicho kimeanzwa."

Msusi akasimama palepale.

"Umejuaje?"

"Nimejuaje nini?"

"Nimefunga kitambaa mpaka kwenye nyusi. Sijafungua. Umejuaje kimeanzwa?"

Yule bwana akatazama simu yake, akatazama paa, akatazama simu tena. Msusi akaichukua kabla hajaifunika. Kundi la vinyozi lilikuwa wazi, na ujumbe ulikuwa mbichi:

"Ndugu zangu, akija shemeji yenu amefunga kitambaa, kichwa kile nimeshakianza. Ni changu. Asikiguse mtu."

Aliusoma mara mbili. Kisha akarudisha simu kwa heshima zote, akasogea pembeni ya ukuta, akapiga yake.

"Haloo, mpenzi," Kinyozi alipokea upesi mno. "Uko wapi?"

"Kichwa changu ni chako tangu lini?"

Kwenye simu kikasikika kiti kikivutwa.

"Nakuuliza wewe. Ulikinunua? Ulikipanda?"

"Nani kakuonyesha?"

"Hilo ndilo swali lako? Nani kanionyesha?"

"Nisikilize. Nilipozima mashine, ilitokea tu, naapa. Sikupanga. Ila ule ujumbe... ule niliutuma na akili zangu timamu. Nilitaka kesho ipite tu. Ikishapita ungelia, ungenitukana, halafu tungeendelea."

"Tungeendelea."

"Nakupenda, jamani!"

"Kumbe hukutaka kunioa. Ulitaka kunifungia."

Akakata simu. Ikaita tena, akaizima. Alirudi kwa mama yake.

Mama alikuwa anaosha vibanio kwenye beseni. Naye hakuitaka hiyo kadeti. Wiki nzima alikuwa anasema kichwa cha msusi ndilo bango la duka, nani atakuja kusukwa na familia ya vipara?

"Nilikuambia," alianza. "Jeshi si mahali pa..."

"Mama, amewaambia vinyozi wote wasiniguse. Amesema kichwa ni chake."

Beseni likasukumwa pembeni.

"Kasema nini?"

"Ni chake."

"Chake? Kichwa hicho nimekizaa mimi! Tena kilikuwa kikubwa, mkunga mwenyewe alikaa chini kupumzika! Leo mtu wa mashine ya umeme anasema chake? Leta mkasi."

"Mama, si ulikuwa hutaki niende?"

"Sitaki mpaka sasa. Lakini mimi nisipotaka, ni mama yako. Yeye nani? Kaa hapo."

Wembe Mama hakuthubutu kuugusa. Mkono wake ulizoea kuongeza nywele, si kuziondoa. Akakata kwa mkasi kwa ghadhabu, vipande vikiruka mpaka kwenye chai.

"Mama, taratibu, sikio!"

"Tulia, kuruta."

Walipomaliza walitazama kioo, wakatazamana, na mama akasema kwa sauti ndogo:

"Kwa mbali hakionekani sana."

Kwa mbali kilionekana. Asubuhi yake uwanjani vichwa vyote viling'aa kama mabakuli yaliyooshwa, isipokuwa kimoja. Simu ya Msusi ilitetemeka mfukoni: "Nimefika saluni kwenu, mama yako kanifukuza kwa chanuo. Nakuja huko. Nisamehe." Aliirudisha mfukoni.

Afande aliyewapokea alikuwa mwanamke mfupi mwenye sauti ndefu. Alimzunguka Msusi polepole.

"Kuruta, kichwa hiki kimeliwa na mbuzi?"

Uwanja ukaangua kicheko.

"Hapana, afande. Mama yangu."

"Sharti linasema kipara. Mimi naona vichaka. Una muda mpaka nimalize kuita majina. Jina lako nitaliweka mwisho. Nikilifikia bado uko hivi, yule pale anaingia."

Yule pale alikuwa msichana wa akiba, begi mgongoni, kipara kimepakwa mafuta. Hakumtazama Msusi kwa ubaya. Alimtazama kwa njaa, na Msusi alimwelewa kabisa. Afande akaanza kuita. Msusi akawaomba wenzake wembe, mmoja baada ya mwingine. Hakuna aliyekuja nao. Kila aliyeitwa alijibu "Nipo!" akakimbilia mstarini, na kundi la waliobaki likawa linapungua.

Ndipo Kinyozi akaingia getini anahema, shati limelowa, mashine ya chaji imekumbatiwa kama mtoto mgonjwa.

"Wewe nani?" afande akauliza.

"Kinyozi wake, afande."

"Wake?"

"Kinyozi tu, afande."

Akamgeukia Msusi. "Kaa nikunyoe. Haraka, wanakaribia kuisha."

Msusi hakukaa.

"Huniamini?"

"Jana nilikaa."

"Leo nitamaliza."

"Bado kichwa ni chako? Wenzako wanajua hivyo mpaka sasa hivi. Waambie kwanza. Hapa, nisikie."

"Majina yanaisha!"

"Nayasikia."

Alitisha, huyu Msusi. Nafasi yake ilikuwa inamtoka vidoleni, naye kasimama. Kinyozi akatazama makuruta waliokuwa wanamtazama, akashika simu na kurekodi, sauti ikikwaruza:

"Ndugu zangu vinyozi. Jana niliwaambia kichwa kile ni changu. Si changu, ni chake. Niliogopa kuachwa, nikatumia sheria yetu kumfungia mtu njia. Nimekosa. Siku yoyote akija kwenu, mhudumieni."

Haikupita pumzi mbili, sauti ya Chogo ikajibu mbele ya watu wote: "Tumesikia. Na wewe ukija tutakunyoa nusu."

Hata afande alilazimika kukohoa.

Msusi akakaa juu ya sanduku lake la safari. Mashine ikalia. Safari hii mkono haukusita. Ulipita mara moja, ukarudi, ukazunguka sikio kwa adabu.

"Nitakusubiri," Kinyozi alinong'ona.

"Sijakuomba."

"Najua. Posa je?"

"Nikimaliza mafunzo, njoo uniulize mimi. Usianze na mama, usianze na mjomba wako. Naweza kusema ndiyo. Naweza kusema hapana."

"Unanitia homa."

"Ishi nayo. Jana mimi nililala nayo."

"Bado una hasira?"

"Sana. Inamisha mkono, huko nyuma kuna kichaka."

Alicheka kidogo aliposema hivyo, akajikasirikia kwa kucheka. Kinyozi alikiona kile kicheko kwenye mabega yake, akaendelea kunyoa asije akakiharibu.

Jina la mwisho likaitwa.

"Nipo!"

Aliruka kutoka kwenye sanduku, nywele zikimpukutika shingoni, akaingia mstarini. Msichana wa akiba alishusha begi lake chini. Msusi alipompita alimgusa bega.

Simu zilianza kukusanywa. Kinyozi akafungasha mashine aondoke.

"Wewe!" afande akamwita. "Unakwenda wapi? Kuna vichwa vingine hapa vinanikera tangu asubuhi. Wenye mabaka, pangeni foleni kwa huyu bwana!"

Basi yule aliyekataa kumnyoa mtu mmoja akabaki ananyoa kuruta baada ya kuruta, jua likimchoma utosi, huku wengine wakikimbia kuuzunguka uwanja. Msusi alikuwa mbele. Buti zilikuwa kubwa kidogo, hakujali. Kila alipopita karibu Kinyozi aliinua macho, na kila mara Msusi alitazama mbele kama hamjui. Lakini kuna kuruta mmoja aliinuka amenyolewa vibaya, na jicho la fundi haliwezi kuvumilia.

"Nyuma ya sikio umeruka!" Msusi alipaza sauti akipita.

"Ndiyo, afande!" Kinyozi akajibu, mdomo ukimfunguka mpaka kwenye magego.

"Nani kakuruhusu kuongea, kuruta?" Afande alipiga filimbi. "Wewe peke yako, mzunguko mwingine!"

Kabla filimbi haijanyamaza, Msusi alishakata kona.