Maji ya Javeli Katika Shimo la Gesi

Kila asubuhi kabla ya shule, Vahwere alikoroga kinyesi cha ng'ombe na maji, akakimimina katika shimo ambalo fundi Anselme aliwajengea nyuma ya nyumba yao, Ngezi, mjini Bunia. Humo kilichacha, kikatoa gesi iliyopita kwenye mpira hadi jikoni. Gesi ya chupa huchimbwa mbali, na ikiisha ardhini haizaliwi tena. Hii ilitoka kwa ng'ombe wao wawili. Tangu waache kupikia makaa, mdogo wake Héritier hakukohoa tena.

Lakini bomba la maji lilikuwa mbali, na uvivu nao una akili zake. Siku nne mfululizo Vahwere alitumia maji yaliyobaki ya kufulia, yenye javeli kali ya kung'arisha nguo. Maji ni maji tu, alijiambia.

Moto ukafifia, kisha ukazimika kabisa. Mama akarudia makaa, na Héritier akaanza kukohoa hadi machozi yakamtoka.

Jumamosi baba alimwita Anselme. Alimngoja akiwa na sururu mkononi.

"Fundi, ulituongopea! Leo ninabomoa hii shimo, na watu wote wa quartier watajua kazi yako iko mubaya."

"Papa Vahwere, shimo iko muzima," Anselme alijibu. "Muliweka nini ndani?"

"Mavi ya ngombe na maji. Uliza mutoto."

Wote wakamgeukia Vahwere. Akinyamaza, hakuna mtu Ngezi atakayempa tena Anselme kazi. Aliogopa fimbo, aliogopa sana. Baba akainua sururu.

"Papa, acha!" alipiga kelele. "Ni miye! Niliweka maji ya javeli. Niliona uvivu ya kwenda kuchota."

Baba akashusha sururu polepole.

"Ndani mule muko vidudu vidogo sana," Anselme alisema. "Ndivyo vinatengenezaka gesi. Javeli iliviua."

Walipunguza uchafu ule, wakatia kinyesi kipya. Kwa wiki tatu Vahwere alichota maji safi bila kuambiwa, hadi moto wa buluu ukawaka. Baba alimwomba Anselme msamaha mbele ya majirani.

Mama akamvuta Vahwere karibu.

"Mutoto wangu, uvivu yako ilizima jiko, na tuliitengeneza na mavi na maji. Kama ungenyamaza, jina ya Anselme tungeitengeneza na nini?"