Windo Lisilokimbia

Mnusaji alilikamata jiwe lenye ukubwa wa mlima kabla watu wa Singida hawajamaliza chai ya asubuhi. Kwenye skrini za mitaani lilionekana likija kwa fujo kutoka upande wa jua, likibingirika kama lililofukuzwa. Kisha wavu wa chuma ukafunguka taratibu mahali ambapo jiwe lilikuwa bado halijafika, na jiwe likaingia lenyewe. Wauza chapati hawakugeuka hata kutazama. Mawe ya angani walishayazoea. Nusu ya mji ilijengwa kwa chuma chake.

Mnusaji hakuwa mtu. Alikuwa akili ya mashine, iliyowekwa kwenye ukumbi wa baridi chini ya miamba ya nje ya mji, na kazi yake ilikuwa moja tu: kunusa nuru ya kitu, kujua kinakwenda kwa kasi gani, na kutega wavu kule kitakakokuwa. Kitu kikikukimbia, nuru yake huvutika ikaelekea wekundu. Kikikujia, hubanwa ikaelekea buluu. Kwa kanuni hiyo moja Mnusaji alikuwa ameshika mawe kwa maelfu bila kukosea, na mashine isiyokosea, jamani, huwafanya watu waache kuuliza maswali.

Elineema Ntandu hakulitazama jiwe. Alikuwa mpimaji wa nuru katika Idara ya Windo, mwanamke wa makamo, na tangu juzi alikuwa hawezi kukaa kitako. Akipika, anasahau jiko. Akilala, anaamka kuchungulia dirishani, kana kwamba chombo kinaweza kuonekana kutoka sebuleni kwake. Adhuhuri ile baba yake, Mzee Ntandu, mwindaji wa mawe aliyekwisha kustaafu na kukataa kustaafu, angewasha injini ya chombo kiitwacho Mfuatiaji na kuondoka na watu mia tatu, watoto wakiwemo, kuifuata galaksi ya mbali ambayo nuru yake ilikuwa ikikonyeza kwa mpangilio, kama mtu anayechezea taa. Kwa kasi watakayokwenda, ndani ya chombo ingepita miaka ishirini na kitu tu. Huku duniani ingepita mabilioni. Kwaheri ya namna hiyo haina kuonana tena, na Elineema alikuwa ameshaambiwa mara nyingi ajivunie.

Ni galaksi gani hasa, hakujua. Wawindaji wana mwiko wao: windo halitajwi, wala hesabu yake haionyeshwi kwa asiyekuwemo msafarani, mpaka wavu ufungwe. Husema ukilitaja linasikia. Wanasema wakicheka, lakini hakuna anayethubutu. Ndiyo maana wapimaji wa nuru wote wa Idara, waliosomea mambo hayo hayo, hawakuwahi kuoneshwa hata namba moja.

Saa nne simu ya kuagana ikalia. Chombo kilikuwa kimeegeshwa kupita kidogo mwezi, na maneno yalichukua pumzi moja kufika.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mama. Umekula?"

"Nimekula," alidanganya.

Mzee Ntandu alikuwa amenyoa ndevu. Alionekana kijana, na jambo hilo lilimuuma Elineema kuliko alivyotegemea. Tangu mama yake azikwe, mzee alikuwa anazunguka nyumbani akihamisha viti. Sasa macho yalikuwa yamewaka.

"Nikuibie siri," mzee akasema, akishusha sauti. "Kwani nani atanifanya nini? Windo letu linakimbia karibu tisa ya kumi ya kasi ya mwanga. Hujawahi kuona kitu kinakimbia hivyo. Lakini sisi tuna kasi zaidi. Tutalifikia tu."

Elineema alisogea karibu na skrini.

"Nani kasema linakimbia, baba?"

"Mnusaji. Amenusa wekundu wake."

"Ngoja. Usiwashe kitu chochote. Nakupigia."

Alikimbia. Upepo wa Singida ulikuwa ukipuliza vumbi machoni, na alifika ukumbini kanga imemwanguka mabegani. Aliiomba mashine imwonyeshe, na kwa kuwa mashine haina mwiko, ikamwonyesha. Wekundu wa nuru: mkubwa sana. Kasi ya windo: tisa ya kumi. Alitafuta sehemu ya kuandika sababu nyingine ya wekundu huo, na haikuwepo. Waliomuunda Mnusaji walikuwa wawindaji wa mawe. Katika maisha yao yote hawakuwahi kukutana na kitu chekundu ambacho hakikuwa kikikimbia.

Mkurugenzi wa Idara, Bwana Itambu, alimkuta pale akikokotoa kwa kidole hewani.

"Dada Elineema, leo si siku ya ukaguzi."

"Ile galaksi haikimbii."

"Nuru yake ni nyekundu."

"Ni nyekundu kwa sababu nafasi yenyewe, hii iliyopo kati yetu na yenyewe, imetanuka wakati nuru iko njiani, ikaivuta nuru nayo. Galaksi imetulia mahali pake kama sisi tulivyotulia. Mmeitegea wavu kama jiwe."

Itambu alivua kofia yake. Hakuwa mjinga, na ndiyo maana jasho lilimtoka. "Tofauti ni nini kwa abiria? Umbali ni umbali."

"Anayekimbia utamfikia ukimzidi mbio. Hapa barabara ndiyo inayorefuka mbele yako, na inazidi kurefuka kwa haraka. Kwa umbali ule hata mwanga ukiondoka hapa leo hautafika. Watazeeka njiani, Bwana Itambu. Watazeeka na kufa wakiamini wanakaribia."

Mkurugenzi alitazama saa, akatazama mlango, kisha akavuta kiti na kumsogezea kwenye simu. "Mwambie nahodha wewe. Mimi hatanisikiliza."

Hilo lilikuwa kweli. Mzee Ntandu hakuwahi kumsikiliza Itambu katika jambo lolote.

Elineema hakukaa kwenye kiti. Karibu na mlango palikuwa na baiskeli ya mlinzi, na nyuma yake mpira wa kufungia mizigo, ule uliokatwa kwenye tairi la ndani. Aliufungua, akaupiga mafundo matatu, akausimamisha mbele ya kamera.

"Baba, umefunga magunia ya alizeti kwa mpira kama huu. Tazama mafundo." Aliuvuta. Mafundo yakaachana. "Kuna fundo lililotambaa?"

Pumzi moja ikapita, na nyingine.

"Hakuna," mzee akasema. "Umeuvuta mpira."

"Sasa mchukue sisimizi, umweke kwenye fundo hili, aende kule. Akitembea, mimi navuta. Na sivuti kwa mwendo mmoja, kila dakika nazidisha. Fundo la karibu atalifikia. La mbali, hata awe na mbio namna gani, halifikii."

"Na la kwetu ni la mbali."

"La mbali mno, baba. Hilo unalolifuata halikukimbii. Halina habari na wewe."

Mzee Ntandu aliangalia pembeni, ambako bila shaka watu walikuwa wamesimama wakisikiliza. Mwindaji anaweza kuvumilia windo lililomshinda mbio. Kufukuza kitu ambacho hakikuwahi kukimbia ilikuwa aibu ambayo hakuwa na pa kuiweka, na usoni kwake ilionekana waziwazi. Alizeeka palepale, ndevu zake zikiwa zimenyolewa.

"Basi tunarudi," akasema hatimaye. "Wateremsheni watoto kwanza, kwa vyombo vidogo."

Elineema aliegemea ukuta. Furaha ilimjaa, na hakujali kama kuna anayemwona. Baba anarudi. Atahamisha viti, atalalamikia chumvi, atazimaliza siku zake Singida kama watu wengine. Itambu naye alikuwa anafuta jasho, akinong'ona kwamba Mungu mkubwa.

"Eli," mzee akaita. Sauti ilikuwa ya chini. "Nikuulize kitu kimoja. Katika galaksi zote hizo, hakuna hata moja inayotembea kweli? Yenyewe, kwa miguu yake?"

Swali lilifika, na Elineema akaushusha mpira.

Angeweza kusema hakuna. Ni neno moja tu, na pale chomboni hakukuwa na mtu wa kumpinga. Wote walikuwa wawindaji, wakulima na mafundi. Itambu alikuwa anamtazama, na macho yake yalimwambia kwamba yeye pia asingesema kitu. Jioni baba angekuwa mezani. Elineema alilitaka neno hilo kwa nguvu mpaka akaliona mdomoni, limeshaumbika. Lakini alimtazama yule mzee kwenye skrini, anavyosubiri jibu na mabega yameshuka, akajua kwamba huyo ndiye angerudi: yule wa viti.

"Iko moja," akasema.

Pumzi ikapita.

"Ipi?"

"Jirani yetu mkubwa. Andromeda. Iko karibu kiasi kwamba mvuto wake na wa galaksi yetu umeshinda ule utanukaji. Nafasi kati yetu haina nguvu ya kututenganisha. Inatembea kweli, baba, kila sekunde kilometa zaidi ya mia."

"Inakimbilia wapi?"

"Haikimbii. Inakuja huku."

"Wekundu wake?"

"Haina. Nuru yake ni buluu."

"Buluu," mzee akarudia, polepole. Nyuma yake mtu aliuliza jambo, na mwingine akamnyamazisha. "Miaka ya chombo mingapi?"

"Ishirini na kitu. Ni karibu zaidi, lakini itabidi mpunguze mwendo nusu ya safari, basi ni kama ile ile mliyokuwa mmejiandalia." Aliukunja mpira mkononi. "Pale hakuna wa kuwakonyeza taa. Hakuna anayejua kuna nini."

"Windo linalokuja lina ugumu wake. Ukitega mapema linakupita, ukichelewa linakukanyaga." Mabega yalikuwa yameshapanda. Aligeuka, akazungumza na watu wake kwa muda, na Elineema akasikia minong'ono, mwanamke mmoja akilia, kisha mtu akicheka. Baadhi wangeteremka. Wengi hawangeteremka. Mzee aliporudi mbele ya kamera, hakuhitaji kusema.

"Hiyo ni kazi yangu, mama."

"Najua, baba."

"Umenikasirikia?"

"Sana," Elineema akasema, na machozi yakamtoka.

Mzee aliacha yatoke. Hakuwa na namna ya kuyafuta, na hakujisingizia kuwa nayo. Kisha akavuta kibao cha hesabu mbele yake.

"Nisomee mwendo wake. Wewe mwenyewe, si Mnusaji."

Elineema akakaa kwenye kiti kwa mara ya kwanza siku ile. Alimsomea kasi, uelekeo, na mahali itakapokuwa watakapofika, namba moja baada ya nyingine, na kila namba ilikwenda, ikarudi kwa sauti ya baba akiithibitisha. Itambu alisimama mlangoni akiwa ameshika kofia. Saa ya ukutani ilikuwa inakaribia sita.

Alipofika mwisho wa hesabu, alianza tena kumsomea tangu mwanzo, na baba hakumkatiza.