Moshi wa Gari Lisilo na Moshi

Mume wangu ni mwokaji mikate, tena mbishi kweli kweli. Nampenda hivyo hivyo. Kila alfajiri aliwasha gari lake la mikate kabla ya kupakia, maana injini yake bila kupata moto kwanza ilizimika njiani. Lilinguruma pale uani huku tukipanga mikate. Moshi wote uliingia dirisha la chumba cha nyuma.

Chumba hicho kilikuwa kitupu mpaka mama yangu alipokuja kuishi nasi. Alikuwa akikaa jirani na kiwanda cha kuyeyusha chuma, na kifua kikaanza kumsumbua. Daktari alimwambia ahame. Kaka yangu ndiye aliyemleta. Tunamwita Masizi kwa sababu anafanya kazi kiwandani humo.

Asubuhi ya kwanza tulimkuta mama ameziba dirisha kwa matambara. Alikohoa mpaka machozi yakamtoka. Niliumia sana.

"Wanangu, nimekimbia moshi, nimeukuta umenitangulia," alisema.

Mume wangu alifadhaika. "Nisamehe, Mama. Gari hili nalitupa! Nitanunua la umeme, jipya. Halitoi moshi hata chembe."

Masizi aliweka chini kikombe chake cha chai. "Shemeji, moshi wake umeshatoka. Mama ameuvuta."

"Acha utani wako! Gari lenyewe sijalinunua."

"Utani gani? Bodi la gari linatoka wapi, mbinguni? Chuma kinachimbwa, kisha kinayeyushwa kule kwetu. Betri nayo ina madini yake, yanachimbwa na kusafishwa. Hapo gari bado halijatembea. Halafu kuna umeme wake. Pengine unatokana na maji au jua, pengine na makaa ya mawe. Na siku likifa, betri ikitupwa ovyo inaharibu udongo. Ukitaka kujua madhara ya gari, anzia kiwandani, umalizie jalalani."

Mama alitikisa kichwa. "Kule nilikuwa nikianika shuka jeupe, naanua la kijivu. Na majirani zangu bado wapo."

Mume wangu alipandwa na hasira. "Sasa niendelee na gari hili, mama mkwe wangu afe?"

"Nani kasema? Hilo lako ni baya, linatoa moshi kila siku. Kwa anayesafiri sana, la umeme kwa kawaida huchafua kidogo kuliko la petroli, miaka ikipita. Basi la abiria likijaa, kila mtu anabeba kipande kidogo tu cha moshi. Baiskeli inataka chuma kidogo, na hainywi mafuta. Tuangalie safari zako. Mikate unapeleka wapi?"

"Maduka ya mtaa huu," nilidakia, maana mwenyewe alikuwa kanuna. "Na hospitali, ng'ambo ya mji."

"Mtaa huu huu?" Masizi alishika kiuno. "Shemeji! Unawasha gari zima kumpelekea mkate mtu anayekusikia ukipiga chafya?"

Mume wangu hakutaka kucheka, lakini alicheka. "Haya, na hospitali?"

"Muuza maziwa si anakwenda huko kila asubuhi?" nilisema. "Gari lake halijai. Tumwombe atubebee."

Muuza maziwa alikubali. Fundi alitutengenezea baiskeli kuukuu ya magurudumu matatu, akaifungia sanduku la mikate. Gari letu lilifunguliwa vipuri vilivyo vizima. Chuma kilichobaki kilipelekwa kuyeyushwa upya, kwa kuwa Masizi alisema chuma chakavu kinatoa moshi kidogo kuliko mawe ya mgodini.

Asubuhi ya kwanza ya baiskeli, mume wangu alilalamikia magoti yake tangu anaamka. Tulipakia mikate uani kimya, bila ngurumo. Mara tukasikia dirisha la nyuma linafunguliwa. Mama alitoa kichwa nje, akavuta pumzi ndefu. Hakukohoa.

Akarusha matambara yake uani. "Chukua, mkwe wangu, ufutie baiskeli yako. Mimi sina kazi nayo tena."

Mume wangu aliyaokota, akainama kufuta usukani. Ulikuwa safi tayari. Nilimwacha afute tu, maana niliyaona machozi yake.