Aliyezunguka Lango la Kasuga

"Yule kijana wako amefiwa na nani?"

Bi Kubota aliniuliza hivyo kipaza sauti changu kikiwa wazi, kwa hiyo kundi zima la akina mama kutoka Niigata lilimsikia kwenye vile vidude vya masikioni. Ndiyo kwanza tulikuwa tumelipita lango jekundu la kwanza la madhabahu ya Kasuga, hapa Nara, nami, mwongozaji wao, nilikuwa naanza kueleza habari za paa, wale wanyama wanaozurura humu.

"Hajafiwa, mama. Kwa nini?"

"Mbona hakupita langoni? Sisi sote tumeinama, tukapita. Yeye kazunguka nguzo, kajipitia kwenye majani huko."

Nikageuka. Yasuhiro, mchumba wangu, alikuwa kando ya njia, anajifanya kusoma kitu kwenye simu. Suti ya kijivu, nywele kazichana. Alivaa hivyo kwa ajili yangu. Ziara ikiisha tulipanga kuingia ofisi ya madhabahu tukachague siku ya harusi, ndiyo maana alijiunga na kundi langu tangu asubuhi, mwanamume peke yake katikati ya wanawake waliokuwa wakimtania kila hatua.

"Labda alikuwa anamkwepa paa," nikasema.

"Paa gani? Paa wote wako huku, wanakula ramani yangu."

Wenzake wakacheka. Mimi nilishindwa. Nimezaliwa hapa, na hakuna mtu wa hapa anayelizunguka lango bure. Mwenye msiba nyumbani kwake hapiti chini yake, maana miungu ya Kasuga haitaki kifo kiletwe mlangoni pao. Hata mtoto wa chekechea analijua hilo.

Nikakumbuka na ya asubuhi. Kule kwenye hekalu la Buddha mkubwa, ambako mfiwa anaingia bila shida, Yasuhiro alichoma udi akasimama kafumba macho mpaka akina mama wakaanza kumcheka.

"Huyu anaomba apewe wake wangapi?" Bi Kubota alisema.

Nilidhani anaiombea ndoa yetu. Nilifurahi kabisa, mpumbavu mimi.

Mama yake, kule Tottori, alinikataa miaka mitatu. Maneno yake niliyajua kwa moyo: mwanamke aliyeachika, tena kamzidi mwanangu umri, tena kazi yake kuzurura na kibendera. Mwanzo wa mwaka nikamwambia Yasuhiro nimechoka. Tuoane mwaka huu kwa ridhaa ya mama yake, la sivyo kila mtu ashike njia yake. Mwezi uliopita akanipigia simu.

"Shiori, mama amekubali."

Nililia jikoni, mchele ukaungua.

Sasa nikawaruhusu akina mama wakanunue biskuti za kuwalisha paa, nikamwandikia.

"Kwa nini umezunguka lango?"

Akajibu upesi: "Nilikuwa natafuta mtandao."

"Lango la pili liko mbele. Nitakuwa nakutazama."

Ujumbe aliusoma. Akaitia simu mfukoni.

Njia nzima nilieleza habari za taa za mawe, nani alizitoa na kwa nini zina kuvu. Sauti yangu ilikuwa ya kawaida. Kazi hii nimeifanya muda mrefu, mdomo unajiendea wenyewe. Kwenye lango la pili tukanawa mikono, nikainama, nikapita, nikageuka.

Yasuhiro alifika mpaka kwenye nguzo. Akasimama kabana miguu. Nilimwona anajaribu: akanyanyua mguu, akaurudisha. Halafu akachepuka pembeni, akapita katikati ya taa za mawe.

"Akina mama," nikasema, "mna nafasi ya kuomba na kununua hirizi. Tukutane hapa hapa."

"Na wewe?"

"Nina kazi kidogo."

"Usimpige mbele za watu," alisema Bi Kubota, akaondoka na wenzake.

Nikazima kipaza sauti. Nikakikagua tena, kisha nikamfuata.

"Nani amekufa?"

"Shiori, tuongee nyumbani."

"Nimekuuliza nani."

"Mama."

Nilikuwa nimejiandaa kusikia habari ya mke wa siri aliyefariki. Hilo la mama sikuwa nimejiandaa nalo.

"Lini?"

"Ile wiki niliyokwambia niko Osaka kikazi."

"Ile wiki nilikuwa nakutumia picha za nguo ya harusi. Ukaniambia ile ya mikono mirefu ni nzuri."

"Ni nzuri kweli."

"Yasu, ulikuwa unamzika mama yako."

Akainamisha kichwa.

"Ningekwambia, ungejua mwaka mzima wa msiba hakuna harusi. Na wewe ulisema mwaka huu au basi. Niliogopa."

"Na ile simu? Kwamba mama amekubali?"

Paa mmoja akaja kunusa mfuko wa koti lake. Alimwacha tu.

"Alikubali au hakukubali?"

"Neno 'ndiyo' hakulitamka."

"Alisemaje?"

"Alikuwa hospitali. Nilimwekea sauti yako, ile niliyokurekodi ukieleza habari za paa. Akasema, huyu mwanamke hanyamazi."

"Basi?"

"Halafu akasema, irudishe pale paa anapokula kofia ya mgeni. Nikairudisha. Akasikiliza mpaka akalala. Kesho yake akaitaka tena. Na siku iliyofuata. Mimi nikaichukua hiyo kuwa ndiyo."

Nikataka kucheka. Hasira nazo zilikuwepo, wala hazikupungua kwa sababu ya paa na kofia.

"Unajua kinachoniuma? Mimi ulinidanganya, ukaweza. Lango umeshindwa. Miti iliyopakwa rangi unaiheshimu kuliko mimi."

"Lango halingeniacha," akasema. "Wewe ungeniacha."

Nilisimama natazama viatu vyake, vilivyojaa majani ya kule alikochepukia. Ni kweli ningemwacha. Nilikuwa nimeshamwambia, tena kwa kiburi, nikiwa nakata vitunguu.

"Sasa nisikilize," nikasema. "Ile ridhaa ya uongo siitaki, kaizike. Ya kweli ni kwamba sinyamazi. Hiyo naichukua."

"Unaichukua?"

"Ofisini hatuingii leo. Keshokutwa sina kundi. Tutapanda treni twende Tottori, nimchomee udi mama yako, nimsimulie habari za paa mwenyewe, uso kwa uso na picha yake. Kama ana la kusema, aseme."

"Na harusi?"

"Msiba ukiisha."

"Utangoja?"

"Nitangoja. Ila nikikukamata na uongo mwingine, sitazunguka lango. Nitakuzunguka wewe, nipite, wala sitageuka nyuma."

Akaanza kulia pale pale, mtu mzima na suti yake. Nadhani ndiyo mara ya kwanza alimlilia mama yake mbele ya mtu. Nikampa kitambaa cha mkononi. Paa alikitamani, nikamsukuma.

Akina mama walirudi na mifuko yao ya hirizi. Walituona, wakaanza ghafla kuzungumzia hali ya hewa. Nikanyanyua kibendera, nikawaongoza kurudi. Langoni nikasimama.

"Bi Kubota, naomba unishikie hiki kibendera. Waongoze wenzako mpite."

"Mimi?"

"Ni hatua chache tu, mama. Mkitoka, mgeuke muiname."

Akakipokea, akatangulia kwa mwendo wa mkuu wa jeshi. Wakapita, wakageuka. Hapo wakaniona kwenye majani, nikipita nje ya nguzo, bega kwa bega na Yasuhiro.

"Dada mwongozaji," Bi Kubota akapaza sauti, "umepotea. Lango liko huku."

Nikawasha kipaza sauti, kila mmoja asikie vizuri.

"Sijapotea, mama. Wakati tunaingia sikuwa najua. Nimefiwa na mama mkwe."

Yasuhiro alinishika mkono, mbele ya wageni wangu, jambo ambalo hajawahi kulifanya.

Tulipotokea njiani, nyuma ya kundi, Bi Kubota akatugeukia, akakishusha kibendera.

"Poleni, wanangu," akasema.

Kisha akainama, na kundi zima likainama nyuma yake, wakiwa wametuelekea sisi, lango wamelipa mgongo.