Murielle na Siri ya Wacheza Ngoma

Kila alipotoka shule, Murielle alifungua mlango wa nyumba yao taratibu, akavua viatu kizingitini, akanyata hadi jikoni. Papa yake alikuwa amelala. Alikuwa mlinzi wa usiku katika jumba la maduka kaskazini mwa Johannesburg, na mchana ndio uliokuwa usiku wake. Mama yake alishona nguo katika chumba kidogo karibu na soko la Newtown, na hakurudi kabla jua halijaanza kushuka. Kwa hiyo Murielle alikula wali uliopoa, akaosha sahani bila kuigonganisha na nyingine, kisha akaketi sakafuni chini ya dirisha.

Huko nje, katika barabara ya Mayfair, watoto walicheza mpira kati ya magari yaliyoegeshwa. Waliitana kwa Kiingereza na Kizulu, upesi upesi, wakicheka kabla Murielle hajaelewa kilichosemwa. Alikuwa na umri wa miaka kumi na miwili, na alikuwa ametoka Bukavu mwanzoni mwa mwaka. Kiingereza kilikuwa bado kizito mdomoni mwake. Shuleni, mtu akimsemesha, alitabasamu tu. Baada ya muda wenzake walichoka kumsemesha.

Kitu pekee kilichomsubiri nyumbani kilikuwa gemu. Binamu yake Firmin, alipohamia Durban kutafuta kazi, alimwachia kifaa chake cha mkononi na michezo miwili ya kukusanya viumbe. Mchezaji alitembea katika nchi ya kubuni, akikamata viumbe wa ajabu, akiwalisha na kuwafundisha kupambana. Murielle alikuwa na kobe mwenye mgongo wa moshi na ndege aliyelia cheche. Lakini hakuwapenda viumbe hao kama alivyowapenda wacheza ngoma.

Wacheza ngoma hao walikuwa ndugu watano, wanawake wa Kijapani. Walivaa kanzu ndefu za hariri zenye mikono mipana iliyokaribia kugusa chini, wakajifunga mishipi mipana kiunoni, na kila mmoja alishika kipepeo cha karatasi cha kujipepea. Nyuso zao zilikuwa zimepakwa poda nyeupe. Katika mchezo wa kwanza waliishi katika ukumbi wa mbao, wakicheza polepole, na aliyetaka kuvuka mji alipaswa kupambana nao mmoja baada ya mwingine. Katika mchezo wa pili, uliokuwa na nchi nyingine na watu wengine kabisa, Murielle alifika bandarini akawakuta wamesimama chini ya miavuli. Walikuwa wale wale watano. Mkubwa wao aliinama akamwambia, "Karibu tena, msafiri."

Siku hiyo Murielle alilia kidogo, asijue kwa nini. Tangu aondoke Bukavu, ukiacha jamaa zake, hakuwahi kukutana tena na mtu yeyote aliyemjua zamani. Alicheza bila sauti ili asimwamshe Papa, kwa hiyo hakuwahi kusikia muziki waliouchezea. Aliwatazama tu wakizunguka kimya, naye akazunguka nao moyoni.

Siku moja, wakati wa mapumziko, alimwona msichana wa darasa lake ameinamia kifaa kama chake karibu na bomba la maji. Msichana huyo aliitwa Yasmin. Wazazi wake walitoka Mombasa, ingawa yeye mwenyewe alizaliwa hapa hapa Johannesburg. Murielle alichungulia begani kwake na kuwaona wanawake watano wenye vipepeo.

"Eish, huyu wa tano ananishinda kila siku," Yasmin alinung'unika kwa Kiingereza.

Murielle alikusanya ujasiri wake wote. "Usianze na ndege," alisema kwa Kiswahili. "Anza na kiumbe wa maji. Huyo dada anaogopa maji."

Yasmin aligeuka. "Kumbe unaongea Kiswahili," alisema, akiyatamka maneno kwa uangalifu. "Mimi naelewa chote, ila nikikiongea Mama ananicheka. Kaa hapa. Nionyeshe."

Tangu siku hiyo walikaa pamoja kila mapumziko. Mara mbili tatu Murielle alikwenda kwa akina Yasmin, ambako mama yake, Bi Mwanaasha, alikuwa na duka la vitambaa. Huko kifaa kiliwashwa kwa sauti, na kwa mara ya kwanza Murielle akausikia muziki wa wacheza ngoma: nyuzi zilizodonolewa moja moja, kama matone ya mvua kwenye bati. Bi Mwanaasha naye alikuja kutazama.

"Hivyo viatu vyao vya mbao sisi tunaviita mitalawanda," alisema. "Bibi yangu alikuwa navyo, ukimsikia koridoni unajua anakuja."

Yasmin alimwonyesha Murielle kiumbe wake mpendwa, mbuzi mdogo wa mlimani mwenye ndevu nyeupe, aliyeitwa Kidevu. "Tulimkamata na kaka yangu Nassir," alieleza. "Siku yake ya mwisho nyumbani kabla hajaenda kufanya kazi Cape Town. Nassir ndiye aliyempa jina."

Kisha Yasmin akamshinda mcheza ngoma wa tano. Alimkumbatia Murielle mbele ya darasa zima. Lakini kesho yake, wakati wa mapumziko, alikwenda kucheza netiboli na wasichana wengine. Alimpungia mkono Murielle kwa mbali. Murielle alikula mkate wake peke yake karibu na bomba la maji, akaona jinsi ile nafasi ya pembeni yake ilivyokuwa pana. Aliwaza: amenihitaji kwa ajili ya wacheza ngoma, na sasa wacheza ngoma wamekwisha.

Walipopanga mstari kurudi darasani, alimnong'oneza Yasmin, "Kuna siri nyingine."

"Siri gani?"

Murielle hakuwa na siri yoyote. Ilibidi aitunge hapo hapo. "Ukishawashinda wote watano, wanataka zawadi. Unasimama mbele ya ukumbi wao, unamwachia huru kiumbe unayempenda kuliko wote. Wakiona huna choyo, wanakuletea korongo mweupe. Hapatikani mahali pengine."

"Unayempenda kuliko wote?" Yasmin aliuliza polepole. "Una hakika?"

Hapo Murielle angeweza kucheka na kusema alikuwa anatania. Lakini Yasmin alikuwa amemsogelea, akimtazama yeye tu. "Nina hakika," alijibu.

Asubuhi iliyofuata Yasmin alimsubiri langoni. Macho yake yalikuwa mekundu. "Nimemwachia Kidevu," alisema. "Gemu iliniuliza kama kweli nataka, ikaniambia hatarudi tena. Nikakubali. Nimesimama pale ukumbini hadi Mama akaninyang'anya kifaa, na hakuna korongo aliyekuja."

Murielle hakufikiria kwamba Yasmin angefanya kweli. "Labda," alisema, "labda wanachelewa."

"Au labda mmoja hatoshi," Yasmin alisema. "Kuna farasi niliyepewa na Nassir siku ya Idi. Leo jioni nikimaliza kusoma Kurani chuoni nitamwachia na yeye."

Siku hiyo masomo yalipita mbele ya Murielle kama magari barabarani. Aliporudi nyumbani aliwasha gemu. Mkubwa wa wacheza ngoma aliinama, maneno yale yale yakatokea: "Karibu tena, msafiri." Zamani yalimfariji. Leo alitambua kwamba wangemwambia hivyo hata kama angefanya ubaya gani, kwa maana hawakumjua. Alikizima kifaa, akavaa viatu, akamwandikia Papa kikaratasi kwamba anakwenda kwa Mama, kisha akatembea hadi Newtown.

Mama yake alikuwa anapindisha ukingo wa sketi. Alimwona bintiye mlangoni, mguu wake ukaacha kukanyaga cherehani. "Kuna nini? Papa ni mgonjwa?"

"Hapana, Mama. Nimedanganya mtu." Akamweleza yote, tangu bomba la maji hadi farasi wa Nassir. Aliona aibu kulilia vitu vya gemu mbele ya mtu mwenye kazi nyingi hivyo, lakini Mama hakucheka.

"Huyo mbuzi wanaweza kumrudisha?"

"Hapana."

"Na huyo mwenzako hajui bado?"

"Hajui. Akitoka chuoni atamwachia mwingine."

Mama alikata uzi, akafunika cherehani. "Basi tusikae hapa," alisema.

Walitembea haraka. Mara mbili robot, taa ya kuongozea magari, iliwaka nyekundu, wakangoja pembeni ya barabara, na kila mara Murielle alitamani isigeuke kijani. Walifika dukani wakati Yasmin anaingia, kitabu chake cha chuo kikiwa kwapani. Bi Mwanaasha alikuwa anakunja kitambaa juu ya meza.

"Shikamoo, Mama Yasmin," Murielle alisema.

"Marahaba, mwanangu. Mbona unahema?"

Murielle alimgeukia Yasmin. "Usimwachie farasi. Hakuna korongo mweupe. Hakuna siri. Niliitunga mimi."

Yasmin alimtazama kama mtu anayesubiri sentensi iishe. "Na Kidevu?"

"Nisamehe. Kidevu hawezi kurudi."

"Kwa nini?" Yasmin aliuliza. Sauti yake ilikuwa ndogo. "Nilikukosea nini?"

"Nisamehe," Murielle alirudia. Yasmin alipita nyuma ya pazia la duka, na wote watatu wakasikia anavyolia kule ndani.

Mama aliomba radhi kwa niaba yake na ya bintiye. Bi Mwanaasha aliendelea kukunja kitambaa, mkunjo baada ya mkunjo, kabla hajajibu. "Amekosa," alisema mwishoni. "Lakini amekuja kwa miguu yake, na farasi amepona." Kisha akamwangalia Murielle. "Mimi sitamlazimisha Yasmin akusamehe. Hiyo ni haki yake. Ila wewe usimkimbie. Msalimie kila asubuhi, aitikie asiitikie."

Ushauri huo ulikuwa mgumu kuliko viboko. Kila asubuhi Murielle alisema, "Habari za asubuhi, Yasmin," na kila asubuhi Yasmin aligeuza uso. Wasichana wa netiboli walinong'onezana. Mapumziko yalikuwa marefu. Nyumbani Murielle aliweka gemu juu ya kabati na hakuigusa. Alikaa dirishani akisikiliza Papa anavyokoroma, na wakati mwingine aliona afadhali anyamaze kesho, asisalimie tena, aone kama kuna atakayegundua. Lakini kesho ilipofika alisalimia.

Asubuhi moja ya mvua walikutana chini ya paa la lango, hakuna mwingine.

"Habari za asubuhi, Yasmin."

"Nzuri," Yasmin alisema. Alikuwa anatazama mvua. "Nimemwambia Nassir kwa simu. Kwanza alicheka, halafu akasema kule ziwani kwenye gemu wako mbuzi wengine, ila jina la Kidevu tusimpe mwingine."

"Ndiyo."

"Bado nimekasirika."

"Najua."

Mvua iliendelea kunyesha. Kengele ikalia, lakini Yasmin hakuondoka. "Njoo Jumamosi," alisema. "Lakini usiniambie siri yoyote."

Jumamosi Mama alimsindikiza. Yeye na Bi Mwanaasha waliketi kwenye meza ya vitambaa wakinywa chai ya tangawizi, wakibishana kama hariri ya kanzu za wale wacheza ngoma ingekula mita nane au kumi. Wasichana walikaa kwenye mkeka nyuma yao. Katika gemu walizunguka ziwa lote, wakakamata mbuzi dume mwenye hasira, asiye na ndevu, wakashindwa kukubaliana jina lake. Kisha wakafika kwenye mlango wa jiwe ambao haukufunguka.

"Huu unaingia wapi?" Yasmin aliuliza.

Murielle alijua angeweza kusema lolote, na Yasmin angelazimika kuamini au kutoamini. "Sijui," alisema.

Yasmin alimwangalia, kisha akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu siku ile. "Hata mimi sijui."

Bi Mwanaasha aliweka kikombe chini. "Murielle," aliita, "siku ile Yasmin alikuuliza kwa nini, hukumjibu. Leo unaweza?"

Murielle alishika ukingo wa mkeka. "Nilikuwa peke yangu," alisema. "Alipokwenda netiboli nilidhani hatarudi. Nikataka awe na sababu ya kurudi."

"Ningekuita tucheze wote," Yasmin alisema kwa mshangao. "Nilikupungia mkono. Nilidhani hupendi netiboli."

"Sijawahi kuicheza."

Bi Mwanaasha alitikisa kichwa polepole. "Mnaona? Neno moja la kweli lingetosha. Mwanangu, upweke si aibu. Mimi nilipofika mji huu nilikaa mwaka mzima nikiongea na vitambaa. Ukiwa mpweke, sema. Anayekupenda atasogea, na asiyekupenda utamjua mapema. Lakini ukimvuta mtu kwa uongo, siku moja atalipa yeye kwa kitu chake, na wewe utabaki mpweke kuliko mwanzo, kwa sababu aliyekuja hakuja kwako. Alikuja kwa huo uongo."

"Nimesikia, Mama Yasmin," Murielle alisema.

"Na wewe, Mama Murielle, huyu mtoto asikae tena kwenye nyumba ya mtu aliyelala. Akitoka shule aje hapa. Kazi haikosi, na kelele ziko nyingi."

Mama alicheka, huku akijifuta jicho kwa ncha ya kitenge. Yasmin alikuwa amekwisha kurudi kwenye mlango wa jiwe. Alisogea upande mmoja wa mkeka, akakiweka kifaa katikati yao ili wote wawili waone.