Ubeti wa Nne

Habari hii nilisimuliwa kwanza na mama, mwezi wa nane, mwaka niliomaliza shule ya sekondari, tulipokuwa tukikunja nguo. Aliisimulia mara mbili tu maishani mwake, na mara zote mbili haikubadilika. Ninaiandika kama alivyoisema.

Mjomba, kaka yake mkubwa, alikuwa mchoraji. Siku nyingi alichora vibao vya maduka na kliniki. Alichokipenda ni picha za rangi ya mafuta. Mwaka mmoja alifariki mwimbaji wa kike maarufu, na kaka wa marehemu akamletea mjomba kaseti ya wimbo wake wa mwisho, aliourekodi akiwa kitandani. Wimbo ulikuwa na beti nne. Tatu aliziimba. Kabla ya ule wa nne alisikika akivuta pumzi, kisha kaseti ikakata. Kaka mtu alitaka picha nne, moja kwa kila ubeti, za kutundika ukumbini siku ya kumbukumbu.

Tatu zilitoka vizuri. Ya nne haikuwa na maneno ya kushika. Mjomba akaamua kuichora ile pumzi: mwimbaji amefumbua mdomo, karibu kuimba. Hakukuwa na picha yoyote ya marehemu iliyoonyesha mdomo hivyo. Basi akamkalisha mkewe kitini, akafungulia kaseti, akamwambia aachame.

Mkewe alikuwa fundi cherehani, mcheshi, asiyenyamaza hata akiwa na pini midomoni. Mama alikuwa amekuja kuwasaidia wiki hiyo, akawa anamenya viazi mlangoni.

"Wifi, mwone kaka yako," mkewe alisema. "Miaka kumi na tisa ananiambia nifunge mdomo, leo ananibembeleza niufungue."

"Tulia," mjomba akasema.

"Nimechoka kukaa hivi, Mzee wa Madoa. Nifunge?"

Ni yeye peke yake aliyemwita jina hilo, kwa sababu ya mashati yake.

Jioni ile sauti ya mkewe ilikuwa inakwaruza. Wakasema ni mafua. Alasiri ya pili alikuwa ananong'ona. Mjomba hakuwa amelala vizuri kwa wiki tatu. Mkono wenye brashi ulishuka wenyewe, akauinua tena, ukashuka. Alasiri ya tatu mama alimuuliza wifi yake kama anataka maji. Alijaribu kujibu. Kilichosikika ni pumzi ikivutwa. Ile ile ya kwenye kaseti.

"Kaka, acha," mama akanong'ona.

"Bado meno mawili. Nimechoka, dada'angu. Nimalize nipumzike."

"Basi izime hiyo kaseti."

Mjomba akamtazama. "Sijaifungulia tangu asubuhi."

Wakasikiliza. Pumzi. Kimya. Pumzi. Ilitoka kwenye picha.

Mjomba alichukua kisu cha kukwangulia rangi, akaukwangua ule mdomo hadi kitambaa kikaonekana. Alidhani anamrudishia mkewe sauti. Pumzi ikakoma. Mkewe akabaki ameachama, machozi yakimtoka. Hakuweza kufunga. Ilibidi mjomba amfunge mdomo kwa kiganja chake.

Sauti haikurudi, na daktari hakuona kasoro yoyote kooni.

Kaseti ilirudishwa kwa kaka wa marehemu. Baada ya siku mbili aliileta tena, akaiacha kizingitini, hakutaka hata kuketi.

"Sasa kuna kitu mahali pa ubeti wa nne," alisema. "Na si sauti ya dada yangu."

Mimi nimeisikiliza mara moja, mchana, mlango ukiwa wazi. Baada ya beti tatu pumzi inavutwa. Kisha mwanamke mwingine anasema, kwa uchovu, bila kuimba: "Nimechoka kukaa hivi, Mzee wa Madoa. Nifunge?"

Kaka wa marehemu alishafariki. Mjomba alifariki miaka sita baada ya picha ile, na mama mwaka juzi. Mke wa mjomba yu hai, ana miaka sabini na tatu, na bado anashona. Kila alasiri, saa ile ile, mdomo wake hufunguka. Zamani mjomba ndiye aliyekuwa akiufunga, akimwambia, "Funga, mama, tumemaliza." Baadaye ikawa kazi ya mama yangu.

Tumebaki yeye na mimi.