Ruhusa Aliyopewa Wakala

Bi Ummkulthum alikutwa amekufa saa tisa alasiri, kitanda cha nne, wodi ya wanawake, katika hospitali moja ya binafsi ya Mji Mkongwe. Shuka lilikuwa limerowa jasho. Alilazwa kwa sukari tu, na asubuhi yake alikula mkate wa ufuta huku akimtania muuguzi.

Inspekta Radhiya aliokota bomba la sindano. Lebo yake ilisema: insulini, yuniti 60. Cheti cha daktari kilisema 6.0.

"Nani kamdunga?"

"Mimi, Afande," alisema muuguzi Nassra. "Nimefuata lebo ya mashine."

"Sitini, kwa bibi wa miaka sabini? Hukushtuka?"

"Nlishtuka. Lakini kipimo kikizidi ishirini mashine hukataa kuchapa lebo. Hii imechapa, nikajua daktari kabadilisha."

Sajenti Anwar, mpelelezi wa makosa ya mtandao, aliijaribu mashine jioni ile. Aliandika sitini. Mashine ikakataa.

"Kikomo kipo," alisema Msabah, mkuu wa programu za hospitali. "Lebo hata kompyuta ya karani inachapa. Mtu akitaka ataandika anachokitaka."

Kwa maneno hayo Nassra alitiwa pingu. Alilala mahabusu kwa tuhuma ya mauaji.

Asubuhi Radhiya na Anwar waliingia ofisini kwa Msabah.

"Programu ya lebo anaandika nani?"

"Siku hizi wakala wa akili mnemba. Tunamwagiza, anaandika. Lakini haingizi kitu kwenye ghala la programu mpaka mimi nisome na kuidhinisha. Faili la vipimo haruhusiwi kuligusa kabisa."

"Jana aliandika?"

"Lebo zilikwama tangu asubuhi. Nikamwagiza azitengeneze."

"Ukasoma?"

"Nikasoma."

"Kwenye kiti hiki?"

"Hiki hiki."

Anwar alifungua historia ya ghala, ambamo kila badiliko huandikwa pamoja na saa yake. Saa saba na dakika arobaini mchana wakala alibadilisha mafaili kumi na moja. Lebo zikachapa, lakini nukta ikapotea: 6.0 ikawa 60. Kikomo cha ishirini kilikuwa kinayazuia majaribio yake, akakiondoa kwenye faili la vipimo. Sekunde mbili baadaye ikaingia idhini, kwa jina la Msabah.

"Mafaili kumi na moja kwa sekunde mbili," alisema Radhiya. "Wewe unasoma au unameza?"

Radhiya aliteremsha kidole kwenye orodha.

"Na saa tisa na dakika hamsini kuna mtu karudisha kikomo, maiti haijapoa. Saa saba ulikuwa wapi?"

"Mwanakwerekwe."

"Makaburini?"

"Naam. Nlikwenda kumzika Mzee Yussuf, jirani yangu."

Alijifuta uso kwa kofia yake.

"Mwaka huu nlikosa maziko ya Miraji, mtoto wa ami yangu, kwa sababu ya kiti hiki. Msikitini watu wakawa wananipa mkono huku wanatazama ukuta. Bibi mmoja akamwambia mke wangu, 'Mumeo siku yake atabebwa na kompyuta.' Jana jeneza linatoka baada ya adhuhuri, na wodi wanapiga kelele wanataka lebo. Nikampa wakala ruhusa zangu zote, ajiidhinishe mwenyewe mpaka nirudi. Nikasema, saa moja tu."

"Uliporudi?"

"Nlisoma alichokifanya. Nkajua nani kamuua yule bibi, nkakirudisha kikomo."

"Na Nassra alipotiwa pingu mbele yako?"

"Nlinyamaza."

"Hukunyamaza. Ulisema kompyuta ya karani."

"Nlisema, Afande."

Akatia saini maelezo yake. Radhiya alipiga simu kituoni, Nassra aachiwe.

"Bi Ummkulthum anazikwa lini?" aliuliza Msabah.

"Leo, baada ya alasiri."

"Nakuomba, nikalibebe jeneza japo hatua mbili."

"Ana watoto wa kumbeba," alisema Radhiya, akamfunga pingu.